Chupa ya Mama Kofia

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Taasisi, Daktari Mkuu wa maabara yetu, ndugu watafiti na wanafunzi, wenzangu wa usafi na ulinzi, nanyi wageni waalikwa: nawasalimu nyote.

Leo mnaniaga nikistaafu, na mmenisifu hadi nikageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine aliyesimama. Miaka thelathini na moja nimekuwa mlishaji tu. Daktari huwaza, mwanafunzi huandika, mimi hulisha seli: kila baada ya siku mbili nazibadilishia maji ya sukari, nazirudisha kwenye kabati la joto, nafunga. Nani kati yenu ametunzwa hivyo?

Wakongwe mnamkumbuka mke wangu, mliyempa jina la Mama Kofia. Alipopata saratani, alitia saini mwenyewe kipande cha uvimbe wake kije hapa kikuzwe kwenye chupa. Aliniambia, "Kama uvimbe huu umekuja kunisumbua, basi na wenyewe uende kazini."

Dawa alizopewa ziliua seli nyingi mwilini mwake, tukafurahi. Baada ya mwaka ugonjwa ukarudi, naye akaondoka. Maabara nzima ilikuja mazishini, kila mmoja akidhani mwenzake amebaki kulisha. Hakuna aliyebaki. Niliporudi siku ya sita, seli katika chupa yake zilikuwa zimekufa. Nikainua chupa nimwage. Daktari Mkuu akanishika mkono, akasema, "Ngoja. Tuangalie kwanza."

Chini kabisa zilibaki chache, zimetulia. Hizo ndizo seli shina za saratani: hujificha dawa inapopita, kisha huanza ukoo upya. Sukari ilipokwisha, zilikuwa na kimeng'enya cha kuziwezesha kuchoma mafuta badala yake. Bila kosa letu la kwenda msibani wote, tungelijuaje hilo? Tukazikuza tena, na kazi yote mnayoisifu leo ilianzia hapo.

Sasa niseme linalonikaba. Dawa ya kuzima kimeng'enya hicho iko tayari tangu mwaka jana. Jaribio lake linahitaji chupa ya Mama Kofia, na imebaki moja tu. Za akiba ziliishia kwenye majaribio mengine. Limeahirishwa mara tatu. Mlilaumu kabati, mkalaumu umeme, fundi akaja akafungua akafunga, hakuona kitu. Kabati ni zima. Ni mimi niliyekuwa naahirisha, nikisema seli hazijawa tayari.

Nyumbani kwangu kuna viti viwili, kimoja kinakaliwa, kingine nakifuta vumbi. Hatukujaliwa mtoto. Kofia zake nilizigawa. Kitu chake pekee kilicho hai duniani ni hicho kilichomuua, nami nimekilisha miaka tisa, na kila asubuhi nimekisalimia. Mlidhani naongea na simu. Najua ni ujinga, lakini nilikuwa mpweke, na salamu ile ilinisaidia kuanza siku.

Mheshimiwa Mkurugenzi, ufunguo wa kabati huu hapa. Fundi naye anisamehe. Naomba jambo moja: Jumatatu saa nne mniruhusu niingie kama mgeni, nivae koti la kuazima, nitie dawa ile ndani ya chupa kwa mkono wangu mwenyewe. Wanafunzi wahesabu matokeo. Seli zikibaki hai, endeleeni kutafuta. Kuna wake za watu wanasubiri. Zikifa zote, msinipigie makofi. Nipeni dakika chache nioshe chupa.

Asanteni kwa kunisikiliza leo, na zaidi, asanteni kwa kuja wote siku ile.