Namba ya Pikipiki ya Khiêm

Bi Lụa alifumba macho ili asikie vizuri. Kiti cha mbele yake, ndani ya basi la Chợ Lớn, binti mwenye kompyuta mapajani alikuwa akimgombeza mwenzake wa kazini aliyeketi kando yake, kwa sauti ya chini, ile inayouma zaidi.

“Programu ya kujumlisha tarakimu za namba za pikipiki ni yangu, kaka Khiêm. Umeichokonoa bila kuniambia, imegoma mbele ya mteja, ndipo ukakumbuka kumwambia ni kazi yangu mimi, Quyên.”

“Ilishagoma kabla. Namba nzima haikubali kupitiwa tarakimu moja moja, nikaigeuza maandishi.”

“Ukaiacha hivyo hivyo. Maandishi yanajumlishwa? Ungerudisha kila tarakimu iwe namba kwanza. Ni neno moja tu, nimelitia sasa hivi.”

“Basi yameisha, mdogo wangu. Nitumie nimpelekee bosi.”

Ana uso mkavu huyu kijana, aliwaza Bi Lụa.

“Tuijaribu kwanza,” alisema Quyên. “Tatu, nane, nne, sifuri, tano.”

“Hiyo si namba ya pikipiki yangu?”

Bi Lụa alishajumlisha kwa vidole: ishirini. Jiji zima la Sài Gòn huangalia tarakimu ya mwisho ya jumla kujua bahati ya pikipiki. Tisa watu huigombania. Sifuri ni mkosi mtupu.

Kioo cha kompyuta kikaonyesha ishirini, kisha tarakimu yake ya mwisho: sifuri. Basi likasimama. Quyên akafunga kompyuta, akaikumbatia.

“Inafanya kazi,” alisema, akashuka nayo.