Mama Atie Kidole au Asitie

Benchi la nje ya stesheni ya treni ya Akalla, huku ughaibuni, halijawahi kukosa serikali. Jumamosi hii Ochola, anayeitwa Bunge kwa sababu kunyamaza hakujui, ndiye aliyeshika chupa ya kahawa. Cliff, jina la benchi Mtandao, alikuwa na habari zote na chanzo hana. Abdu wa Kampala, Waziri Kivuli, alikaa katikati akiwapinga wote. Mueni akafika mbio, simu mkononi, roho juu. Mama yake alikuwa kwa chifu kule Kitui, wanakoandikisha bima ya afya ya serikali. Bila bima, jicho lake lililobaki halipasuliwi. Lakini Mueni ndiye aliyeapa kwamba serikali ile haitapata hata unywele wa nyumba yao, na sasa mama alitaka ruhusa.

— Yuko kwa simu hapa, Mueni akasema. Anauliza atie kidole kwa mashine au asitie.

— Asitie, Bunge akasema, akimmiminia. Kujiandikisha ni kuwapigia makofi.

— Makofi ni kitu kidogo, Mtandao akasema. Hicho kidole kitapiga kura. Mama amelala Kitui, kidole kiko Nairobi kinachagua rais.

— Na wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, Waziri Kivuli akaongeza. Maana yake, nnyabo, dada yangu, wakipata kimoja watarudia vile tisa.

Mueni alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Siasa ya nyumbani ni tamu ukiwa mbali, na yeye aliipenda kupita kiasi.

— Na hilo jicho wataliwekea kamera, Mtandao akaendelea. Mpinzani akipita kwa shamba la mama, ikulu wanamwona.

— Shamba letu haliko hata barabarani.

— Watalichongea barabara, ndio kamera ifanye kazi.

— Ya lami? Waziri Kivuli akauliza. Basi atie.

Benchi zima likaangua kicheko. Ndipo simu, iliyokuwa bado hewani kwa spika, ikakohoa.

— Wanangu, nimewasikia, mama akasema. Nikipofuka kabisa, nani kati yenu atanishika mkono anipeleke choo?

Bunge akatazama reli. Mtandao akatazama kikombe. Mueni aliona aibu, aibu ya kweli.

— Tia, mama. Tia sasa hivi.

— Nilishatia kitambo. Nilitaka tu kujua kama ungenikataza.