Baadhi ya Vikombe Vina Kahawa

Nyumba ya tajiri mmoja wa Kilwa Kivinje ilipoanguka, watu waliondoka na mawe yake, boriti zake, hata misumari. Mlango ulibaki, kwa kuwa ulikuwa mzito na hakuna aliyekuwa na nyumba ya kuustahili. Wakaulaza juu ya mawe manne, nakshi ikiwa chini, wakaukalia, na kijiwe kikaitwa Mlangoni. Mwezi wa nane mwaka 1905 wenyeji wake wa kudumu walikuwa watatu. Abdulatifu, aliyewahi kupima pembe za ndovu forodhani, aliitwa Mizani. Neno halikumwingia mpaka liwekwe kwenye kipimo. Fakihi, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliitwa Nahau, kwa sababu siku moja aliisahihisha sarufi ya mtu aliyekuwa akizama. Hasani aliitwa Ombasha, na cheo hicho alikuwa nacho kweli katika jeshi la Wadachi, mpaka miguu ilipomvimba wakamrudisha mtaani na kofia yake na fimbo yake. Wa nne alikuwa Bakary, mwenye dele la kahawa. Huyu hakuwa na jina la utani kwa kuwa hakuwa na nadharia. Habari ya wiki ilikuwa moja, nayo ilisemwa kwa sauti ya chini: milimani Umatumbi watu wameng'oa pamba ya serikali.

Asubuhi hiyo akaja mwanamke kutoka Tingi, Ziada, na kikapu cha mihogo ya kuchemsha.

Ziada: Shikamooni, wazee.

Nahau: Marahaba, binti. Karibu.

Ziada: Nimekaribia. Mume wangu Likwata yuko bomani. Akida alimwuliza, "Siku pamba ya jumbe ilipong'olewa, watu wa kwenu walikuwa wapi?" Akajibu, "Baadhi yetu tulikuwa tukipalilia."

Mizani: Jibu la kiungwana.

Ziada: Akida akasema, "Ikiwa baadhi walipalilia, basi wengine waling'oa. Nitajie hao wengine."

Ombasha: Awataje, arudi kwake.

Ziada: Hawapo, baba. Sote tulikuwa tukipalilia.

Ombasha: Ebo! Sasa mbona hakusema "sote"?

Ziada: Hakutuona sote. Shamba lina bonde katikati. Na mume wangu ndivyo alivyo. Ukimwuliza kama watoto wamekula, atakwambia nimemwona mmoja akitafuna. Kesho asubuhi Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa boma, anasikiliza kesi. Asipotaja majina, yeye mwenyewe ndiye atakayehesabiwa kuwa hao wengine. Na mnajua wanavyofanywa.

Walijua. Hakuna aliyegeuka kutazama upande wa boma.

Ziada: Sisi wa shamba hatusikilizwi. Ninyi ni watu wa mji. Njooni mseme tu kwamba mtu anaweza kusema baadhi na asiwe anamficha mtu.

Mizani: Kampelekee chakula, binti. Jambo hili tuachie. Alasiri ukirudi utakuta jibu.

Kikapu hakijapinda kona, wakaanza.

Nahau: Kwa kanuni, baadhi ni sehemu ya kitu. Akida hakukosea.

Mizani: Na kitu kizima hakina sehemu? Ukila samaki mzima, hukula mkia?

Nahau: Nikila samaki mzima sisemi nimekula mkia.

Ombasha: Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nahau: Hiyo inahusu nini hapa?

Ombasha: Baadhi ni mtoto wa yote. Fikiri, Mwalimu, usione watu wana kofia ukadhani hawana kichwa.

Mizani: Tazameni. Miaka kumi na tisa forodhani sijaona pembe iliyojulikana uzito kwa kubishana. Bakary, jaza vikombe vitano.

Bakary: Mko watatu.

Mizani: Si vya kunywa. Ni vya kuulizia.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa na wenye shahada, kwa fedha za wafadhili, na ripoti hutoka baada ya miaka minne. Mizani alivipanga vikombe juu ya mlango, vyote vimejaa, akaokota kokoto. Atakayejibu "kweli", kokoto lake litakwenda kulia; atakayejibu "uongo", kushoto. Na asiyejua habari za Likwata asiambiwe.

Wa kwanza alikuwa mama muuza samaki.

Mizani: Mama, viangalie hivi. Mtu akisema "baadhi ya vikombe hivi vina kahawa", kasema kweli au uongo?

Muuza samaki: Kweli. Kwani havina?

Ombasha: Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Muuza samaki: Havielei, baba, vimekaa.

Mwashi aliyekuja nyuma yake, mikono myeupe kwa chokaa, alivitazama kimoja kimoja kana kwamba ataombwa kuvijenga upya.

Mwashi: Uongo. Vyote vina.

Kisha Qutbuddin, mwenye duka la nguo, aliyekuwa akienda zake msikitini.

Qutbuddin: Nani anayesema?

Mizani: Mtu tu.

Qutbuddin: Hakuna mtu tu. Akisema Bakary, ni uongo, maana mwenye mali husifu mali yake yote. Akisema mpita njia, labda ni kweli.

Mizani: Sasa kokoto lako nilitupe wapi?

Qutbuddin: Lirudishe ulikolitoa.

Mpaka jua kufika utosini walikuwa wameuliza watu kumi na wanne, ukimwacha Qutbuddin. Kulia wanane, kushoto sita. Kahawa imepoa mara tatu, na mara tatu Bakary ameimwaga na kujaza upya, mdomo wake umejikunja.

Nahau: Hao sita wamepita chuoni kwangu. Inaonekana.

Mizani: Mwashi huyu hajui alifu wala bee.

Nahau: Alijenga choo cha chuo. Elimu hunukia.

Ombasha: Tatizo ni chumvi. Hao wanane walitoka upande wa pwani, na chumvi hulegeza maneno. Wa bara maneno yao yamekauka, ukisema baadhi linabaki baadhi.

Mizani: Likwata ni wa bara, naye alilisema limelegea.

Ombasha: Basi ni ule waya wa simu. Mimi nimeulinda waya ule, msinifundishe. Neno linaingia hapa na maana yake, waya unanyonya, likifika Lindi ni ganda tupu. Wadachi wanakusanya maana zetu mahali fulani.

Nahau: Wazifanyie nini?

Ombasha: Ningejua ningekuwa shaushi, nisingeishia ombasha.

Walicheka. Kisha Ombasha akainama, na sauti yake ikashuka.

Ombasha: Na hayo maji yanayotoka Ngarambe? Wanasema ukinyunyiziwa, risasi za Mzungu zinageuka maji. Nimewaza usiku kucha. Zote, au baadhi?

Hapo hakuna aliyeokota kokoto.

Bakary ndiye aliyesema, akiwa bado anapangusa kikombe.

Bakary: Mnaulizia vibaya.

Mizani: Wewe tena!

Bakary: Hao mnaowauliza wanaviona vikombe vyote. Yule jamaa hakuona shamba lote. Alikuwa na bonde.

Akachukua kawa alilofunikia kashata, akafunika vikombe vitatu. Viwili vikabaki wazi, vinafuka moshi.

Mizani alimtazama kama mtu aliyeambiwa na muuza machungwa kwamba mizani yake ina kasoro. Kisha akakusanya makokoto yote, akaanza upya.

Mizani: Mama, umerudi? Haya. Mtu ameviona hivi viwili tu, vingine vimefunikwa. Akasema "baadhi ya vikombe vina kahawa". Tukifunua tukakuta vyote vina. Alisema uongo?

Muuza samaki: Uongo wapi? Huyo ana adabu. Hasemi asichokiona.

Mwashi: Kweli. Asubuhi nilisema uongo kwa sababu nilidhani anajua. Mtu akijua vyote akasema baadhi, ananificha. Asiyejua anificheje?

Watu kumi na wanne tena. Kulia kumi na watatu. Wa kushoto alikuwa mmoja, na yeye alisema hapendi kahawa.

Nahau: Allahu akbar. Neno halikubadilika hata herufi.

Mizani: Halikubadilika. Kilichobadilika ni anachokijua msemaji. Kwa hiyo akida hakulisikia neno la Likwata, amesikia neno la mtu aliyeona shamba zima!

Walishikana mikono. Nahau alitaka yaandikwe, na kwa wino mweusi. Mizani tayari alikuwa anajiona mbele ya Bwana Shauri, vikombe mezani, kawa mkononi.

Ombasha: Ngojeni. Mmeuliza ninyi. Nami niulize.

Akavaa kofia yake ya zamani, akaikung'uta fimbo kwenye ndala. Mtu mmoja alikuwa akipita na mzigo wa kuni.

Ombasha: Wewe! Simama! Baadhi ya vikombe hivi vina kahawa. Kweli au uongo?

Mwenye kuni: Kweli, bwana.

Ombasha akaondoa kawa, akavimwaga vyote vitano mchangani, kimoja kimoja, mbele ya macho yake. Bakary akafumba macho.

Ombasha: Na sasa?

Mwenye kuni: Kweli, bwana.

Ombasha: Nikisema vimejaa?

Mwenye kuni: Vinamwagika, bwana.

Nahau alicheka peke yake, akaacha. Yule mtu hakuwa amevitazama vikombe hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye fimbo. Mizani alishika kokoto la mwisho, akatafuta kulia, akatafuta kushoto, akabaki nalo. Ombasha naye alivua kofia polepole. Nadhani hakutegemea kufaulu kiasi hicho.

Mizani: Kesho atakayeuliza ana fimbo.

Nahau: Na waya.

Ombasha: Na kamba.

Ziada aliwakuta hivyo. Kikapu chake kilikuwa bado kizito.

Nahau: Amekula?

Ziada: Nimemwona akimeza kipande kimoja. Mmepata jibu, wazee?

Mizani akamweleza, na alieleza vizuri: makokoto manane na sita, kawa, kumi na matatu kwa moja. Ziada alisikiliza yote bila kumkatiza. Habari ya mwenye kuni hakuambiwa.

Ziada: Kwa hiyo mume wangu alisema kweli.

Mizani: Kweli tupu. Tumepima.

Ziada: Mungu awalipe. Nani atakuja kesho kuyasema?

Ombasha alikumbuka miguu yake, akaanza kuikanda.

Ombasha: Penye wazee haliharibiki neno.

Nahau: Mimi nina watoto wa chuo asubuhi, ila kimsingi...

Mizani: Usiwe na wasiwasi, binti. Baadhi yetu tutakuja.

Ziada akavitazama vikombe vitano vilivyolala vitupu juu ya mlango. Akalitazama kawa. Kisha akamtazama Mizani usoni, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu.

Ziada: Hao baadhi, baba, umewaona? Au wamefunikwa?

Bakary aliinua dele, akaligeuza juu chini, likatoa tone moja. Akavipangusa vikombe vyake, akavifunga vyote vitano ndani ya kitambaa, akalipachika kawa kwapani.

Bakary: Bomani wanafungua saa ngapi, dada?

Nahau alifungua kinywa kusema kwamba mmoja, kwa kanuni, naye ni baadhi. Akakifunga.