Bi Kheiria na Uwanja wa Ndege za Mabomu

Buldoza lilinguruma kabla halijaonekana. Bi Kheiria binti Khalil akaiacha chai yake, akajitanda buibui, akatoka. Wasikilizaji wapendwa, wengine kelele huzikimbia. Yeye alizifuata.

Akaenda kusimama mbele ya buldoza, katikati ya uwanja wa zamani wa ndege, nje kidogo ya Qurayyat, hapa Omani, na dereva akalizima. Ndege za mabomu zilirukia pale wakati wa vita kuu vya pili. Naam, ndege za mabomu. Marubani walikuwa Waingereza. Waliopasua mawe na kuyashindilia walikuwa watu wetu. Baba yake Bi Kheiria alikuwa mmoja wao, kabla hajahamia Unguja na kumzaa huko; binti akarudi huku ukubwani.

Mwenye buldoza, Bwana Yaqoob, alitaka kujenga maghala. Jioni ile Bi Kheiria alimfuata nyumbani kwake Mabela, yeye na mwanawe Jaifar. Akamiminiwa kahawa. Akakiweka kikombe chini.

"Kunywa, bibi, inapoa."

"Nna haja. Sinywi mpaka unikidhie."

Yaqoob akabanwa. Kwetu, mgeni mwenye haja akiondoka hajaigusa kahawa, aibu humwandama mwenye nyumba mpaka sokoni.

"Bibi we! Unanivamia barazani mwangu? Na yote kwa kifusi cha Waingereza?"

"Ndege zilikuwa zao. Jasho letu. Ukiuvunja, nani atajua baba yangu alikuwepo?"

Yaqoob akacheka, akasalimu amri. "Haya. Maadamu uko hai, siugusi."

Bi Kheiria akanywa. Walipokuwa garini, Jaifar akamwambia, "Mama, umemsikia? Kasema maadamu uko hai."

Bi Kheiria akaufunga mlango wa gari. "Nimenywa haraka. Basi ntaishi sana."

Akaishi, kwa ukaidi! Kila Ijumaa akienda kuufagia mchanga uwanjani, na watoto wa mji wakimcheka, naye akiwacheka. Jumanne hii amefariki dunia.

Tunawapa pole Jaifar na jamaa wote. Mola amrehemu. Nasi tujiulize: tunawajua marubani kwa majina, waliowatengenezea njia tunawajua? Asiyeulizia jasho la wazee wake asishangae likifukiwa mbele ya macho yake.

Baada ya maziko watu walitawanyika. Jaifar akabaki kaburini, akasema kwa sauti, waliokuwa mlangoni mwa makaburi wakamsikia:

"Mama, neno la Yaqoob limekwisha leo. Langu linaanza. Uwanja hauvunjwi."