Koki ya Chumba cha Nyuma

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya mpendwa wetu Ato Yirga Asfaw, aliyezaliwa tarehe 12 Yekatit 1941, kwa kalenda yetu ya Ethiopia, huko Debre Berhan, akiwa mtoto wa tatu wa Ato Asfaw Wolde na Weyzero Tsige Abebe. Kitambulisho chake kinasema 1944, lakini familia imefuata cheti cha ubatizo.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo Debre Berhan hadi mwaka 1956, kisha akaja Addis Ababa kujifunza ufundi bomba, na mwezi wa Hamle 1960 akaanza kazi katika idara ya maji, ambako alitumikia miaka thelathini na sita, akawafundisha kazi mafundi wengi, baadhi yao wamekaa mbele yetu leo.

Tarehe 13 Tir 1971 alifunga ndoa na Weyzero Zenebech Alemu, na mwaka uliofuata wakahamia nyumba yao ya Gulele, ambayo mabomba yake yote aliyatandaza mwenyewe, ya chuma, kwa kuwa aliamini kuwa chuma ndicho bomba na plastiki ni ya ndoo. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Hirut, aliyezaliwa tarehe 4 Miyazya 1974, na ambaye tangu 1996 anaishi Stockholm.

Mganga hajigangi, na katika hili familia haifichi jambo. Kufikia mwaka 1990 chuma kile kilikuwa kimeliwa na kutu kwa ndani, tundu la kupitisha dole gumba likabaki la kupitisha penseli, maji ya asubuhi yakatoka na rangi ya chai, na Weyzero Zenebech akawa anabeba ndoo kwenda kwa jirani yetu, Etiye Bizunesh, kuchota maji ya kukandia unga wa mikate ya injera, akisema, "Gulele nzima wanakunywa maji meupe, isipokuwa mimi, mke wa fundi!" Marehemu alimjibu kila mwaka, "Baada ya Pasaka, Zenebech," na Pasaka tisa zikapita hivyo, mpaka Weyzero Zenebech akatutoka tarehe 2 Sene 1999, ndoo yake ikiwa bado kwa jirani. Marehemu hakwenda kuichukua.

Mwaka 2007 Hirut aliandika kwamba atakuja sikukuu inayofuata ya Genna, Krismasi yetu, pamoja na binti yake Liya, aliyezaliwa Megabit 2005, iwapo tu kuna maji ambayo mtoto anaweza kuogea. Marehemu, akiwa na miaka sitini na sita, alibomoa kuta za nyumba yake mwenyewe. Aliipenda shaba, lakini alijua kwamba shaba ikigusana na chuma kwenye maji, chuma ndicho kinachoumia, na bomba la mtaani lilikuwa bado la chuma. Plastiki nyeupe ya gundi aliikataa kwa kuwa gundi humtegemea aliyeipaka. Mwishowe akachagua plastiki ya kijani, inayounganishwa kwa moto hadi vipande viwili viwe kimoja. Mwanafunzi wake Sisay alipoiona uani alimwuliza, "Gashe Yirga, chuma umekiacha lini? Talaka imeandikwa?" naye akajibu, "Kimeniacha chenyewe, na mke kimeondoka naye." Kisha wakafanya kazi bila kutaniana tena.

Katika chumba cha nyuma alifunga sinki kwa kimo cha sentimeta hamsini kutoka sakafuni, kimo cha mtoto wa miaka mitatu, na tarehe 20 Tahsas 2008 kazi ikakamilika. Genna ile Hirut alikosa ruhusa kazini, Genna iliyofuata Liya aliugua, na zilizobaki kila moja ilikuwa na sababu yake ya kweli. Marehemu hakulaumu mtu. Bali, kwa kuwa maji yakilala ndani ya bomba huharibika, kila Jumamosi saa moja asubuhi alipiga magoti mbele ya sinki lile, akafungua koki, akahesabu hadi sitini, akafunga, karibu miaka minane.

Jumamosi tarehe 8 Hidar 2016, Etiye Bizunesh, ambaye ukuta wake umepakana na chumba hicho, hakusikia maji, akasema, "Yirga hajaamka," akaja kugonga. Marehemu alikutwa amepatwa na kiharusi, akafikishwa hospitali, akafariki Jumatatu tarehe 10, akiwa na miaka sabini na minne.

Hirut na Liya walifika jana. Liya ana miaka kumi, ilimbidi ainame sana, lakini alipofungua koki maji yalitoka meupe tangu tone la kwanza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, chama chetu cha kuzikana kwa hema na viti, mafundi wenzake, na majirani wote, hasa Etiye Bizunesh, ambaye, aliposikia kwamba wageni wataondoka baada ya wiki mbili, alisema, "Basi nipeni mimi ufunguo, Jumamosi ya kimya sitaizoea."

Pumzika kwa amani, Gashe Yirga. Ufunguo tumempa.