Makofi ya Tarehe 4 Julai: Maisha ya Mheshimiwa Cleophas Mugisha

Kwa masikitiko makubwa, na baada ya kusubiri muda wa kutosha kuona kama angekuwa na nyongeza, familia ya Mugisha ya Brooklyn Center, Minnesota, inawatangazia ndugu, jamaa, marafiki, wapiga kura wa zamani wa Jimbo la Kyabutanda, pamoja na wale waliomnyima kura, kwamba Mheshimiwa Cleophas Mugisha amemaliza kuchangia. Waliozoea kumkwepa kwenye maegesho ya kanisa wanaweza sasa kutembea taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Septemba 1951 katika kijiji cha Kyabutanda, mkoani Kagera, nchini Tanzania, akiwa mtoto wa sita kati ya tisa wa Ta Laurian na Ma Paskazia. Katika nyumba yenye midomo kumi na mmoja, anayetaka kusikika lazima awahi. Ma Paskazia alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipozaliwa, mkunga akaanza kuingiwa na hofu, wanawake wote chumbani wakanyamaza kumwangalia. Waliponyamaza, ndipo akaanza.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1959, akachaguliwa kujiunga na seminari mwaka 1967. Hakumaliza hata miaka miwili. Seminari ilikuwa na saa ya ukimya kila jioni, na jioni moja padri mlezi alimkuta kijana Cleophas amesimama huku mkono wake ukiwa juu.

"Cleophas, hii ni saa ya ukimya."

"Najua, Padri. Nina swali kuhusu huo ukimya."

Wiki iliyofuata alikuwa nyumbani na sanduku lake la bati. Alimalizia sekondari katika shule ya serikali, na mwaka 1975 akahitimu chuo cha ualimu, ambako alipewa cheti cha historia na uraia, na onyo la maandishi.

Chuoni huko ndiko alikokutana na Verediana. Siku ya kumposa alimketisha kwenye benchi nje ya maktaba, akamweleza kwamba hoja yake ina sehemu tatu. Mwisho wa sehemu ya kwanza Verediana alisema, "Sawa, nimekubali." Marehemu alimshukuru, akaendelea na sehemu ya pili. Walifunga ndoa Jumamosi ya tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto wawili, Donatille na Cyrus.

Alifundisha kwa miaka ishirini. Mwaka 1995 aligombea ubunge kwa tiketi ya Chama cha Wakulima wa Maziwa, chama ambacho mkutano wake mkuu uliwahi kufanyika ndani ya duka la mbolea, na nafasi ikabaki. Alishinda kwa kura mia tatu na kumi na mbili. Mpinzani wake alikuwa na magari, fulana na bendi, ila hakuwa na namna ya kuvuka Mto Karambi wakati wa masika, kwa sababu daraja la Karambi lilikuwa nguzo nne na hewa. Marehemu alivuka kwa miguu, suruali ameikunja hadi mapajani. Watu wa ng'ambo walimchagua wakidhani mtu aliyelowa kiasi kile hatasahau.

Hakusahau. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Kwa miaka kumi bungeni Dodoma, akiwa mbunge pekee wa chama chake, alisimama mara mia mbili na kumi na nne kuuliza habari za daraja la Karambi. Ikijadiliwa bajeti ya ujenzi, aliuliza daraja. Ikijadiliwa bajeti ya mambo ya nje, alieleza kwamba mambo ya nje yanaanzia ng'ambo ya Karambi. Mara zote alijibiwa kwamba Serikali inaendelea na upembuzi yakinifu. Yeye alikaa chini. Kulia kwake kulikuwa na kiti kitupu, kushoto mbunge wa chama kingine cha upinzani aliyekuwa akisoma gazeti la michezo. Wenzake wa upinzani walikuwa na kambi, walikuwa na vikao, walikuwa na mtu wa kwenda naye kula. Yeye alikula kantini peke yake, kikao chake cha chama kikiwa kimetimiza akidi.

Hotuba zake zote zimo katika Taarifa Rasmi ya Majadiliano ya Bunge, ile watu huita Hansard. Humo mwandishi huweka kwenye mabano kila kinachotokea ukumbini. Katika hotuba za marehemu kuna (Kicheko) sitini na moja, na "Mheshimiwa, muda wako umekwisha" zisizohesabika. Na kuna (Makofi) mara moja. Ni siku ya Alhamisi, tarehe 4 Julai 2002.

Siku hiyo alikuwa ameinamia karatasi yake, akasoma: "Mheshimiwa Spika, kuna mwalimu jimboni kwangu anayevuka mto ule kila siku ya shule, madaftari ya watoto yakiwa kichwani, viatu mkononi. Sijui kama leo amefika." Ndipo akasikia makofi, nyuma upande wa kulia, kwenye viti vya chama tawala. Kengele ikalia wakati huo huo. Alipoinua macho, kila mtu alikuwa ameketi na uso wa kiserikali.

Alirudi nyumbani Bunge lilipoahirishwa, akaingia moja kwa moja jikoni ambako mkewe alikuwa anamenya ndizi.

"Verediana, yupo mmoja!"

"Mmoja nani?"

"Ndani ya chama chao. Alinipigia makofi. Kuna mtu mmoja mle ndani alinielewa."

Verediana aliendelea kumenya.

Tangu siku hiyo marehemu alitaka kujua kitu kimoja tu duniani: nani alipiga makofi. Si kwamba alitaka kumshukuru. Alitaka kuwa na hakika kwamba katika miaka kumi ya kuongea, hakuwa anaongea peke yake.

Mwaka 2005 alishindwa uchaguzi, mwaka 2008 chama kikafutwa kwenye daftari la msajili, na Januari 2012 akamfuata mkewe hapa Minnesota, ambako Ma Verediana alikuwa ametangulia kumsaidia Donatille, muuguzi, kulea watoto. Donatille alikuwa amemwambia kwenye simu mara nne abebe nguo za baridi. Alishuka uwanja wa ndege akiwa na koti la suti na sanduku la kilo ishirini na tatu. Lilikuwa limejaa nakala za Hansard zilizojalidiwa kwa kitambaa cha kijani.

"Baba, koti liko wapi?"

"Uzito haukuruhusu."

Alipata kazi ya kufua na kukunja mashuka katika nyumba ya wazee huko Saint Louis Park, akapanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi kwa miaka saba. Chumba cha mashine kilikuwa na kelele, na marehemu alikipenda kwa sababu mashine hazikumkatiza. Mwenzake wa zamu, Chepkemoi, mwenyeji wa Kericho, alimkuta siku moja amesimama mbele ya mashine ya kukaushia, shuka begani, kidole hewani.

"Mzee, unaongea na nani?"

"Na Waziri wa Ujenzi."

"Na anasema aje?"

"Kama kawaida yake. Anazunguka."

Chepkemoi alicheka mpaka akakalia kikapu cha taulo. Halafu akamwuliza, "Kwani ulikuwa mheshimiwa kweli kweli? Wa bunge?" Alipojibiwa ndiyo, akasema, "Haiya. Na hapa wanakuita Cleo." Mwaka uliofuata alihamia hospitali kubwa, akamwachia marehemu glavu zake za joto na zamu isiyokuwa na mtu wa kuongea naye.

Mikutano ya jumuiya ya Watanzania alihudhuria yote. Kila mara alisimama, akasema "Mheshimiwa Mwenyekiti," na Mwenyekiti, ambaye ni dereva wa malori na mtu mwenye huruma, alimpa dakika mbili. Katika dakika hizo ndipo watu walikumbuka kwenda kupakua chakula. Nyumbani aliwasomea wajukuu wake, Makena na Griffins, hotuba zake badala ya hadithi. Walikuwa wanaelewa Kiswahili, wakajibu kwa Kiingereza.

"Babu, is this the same bridge?"

Aliwajibu kwamba ndiyo, ni daraja lile lile, na bado halijajibiwa. Makena alipofika darasa la sita alianza kufunga mlango wa chumba chake.

Mwaka 2016 daraja la Karambi lilijengwa. Mtu alimtumia picha kwenye simu: utepe, mkasi, mbunge mwingine, shada la maua. Katika ile picha alitafuta kwa vidole viwili, akikuza huku na huku, sehemu iliyoandikwa majina. Halafu akampelekea Ma Verediana simu, akamwuliza kama naye anaona nguzo ya tatu imekaa upande.

Alipostaafu mwaka 2019 alianza kuwapigia simu wabunge wa zamani wa chama tawala, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa viti. Wengi hawakumkumbuka. Mmoja alisema siku hiyo alikuwa amesinzia, na yuko tayari kuapa. Mheshimiwa Jairus, aliyekaa mstari wa nyuma upande wa kulia, yeye alipokea kwa furaha.

"Ndiyo, Mugisha! Ni mimi! Nilikupigia makofi mpaka mikono ikawasha!"

Marehemu alikaa kitini.

"Na ndugu yangu," Jairus akaendelea, "kwa kuwa uko Marekani, hizi simu mpya hizi, huko si rahisi tu?"

Marehemu alifungua kitabu cha kijani. Kulingana na orodha ya mahudhurio, Mheshimiwa Jairus siku hiyo alikuwa safarini. Alimtakia afya njema, akamkata jina kwa rula. Kufikia mwaka jana alikuwa amebakiwa na majina matatu. Wawili walikuwa wamefariki. Wa tatu simu yake ilikuwa inaita tu.

Tarehe 9 Oktoba 2024 marehemu alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea na maneno yakamtoroka. Mtaalamu wa kufundisha kuongea alikuwa akija nyumbani kila Jumanne na kadi za picha. Alimwonyesha picha ya kikombe amtajie jina lake. Marehemu alivuta pumzi, akasema vizuri kabisa, "Mheshimiwa Spika." Kikombe chenyewe hakikuja. Kadiri wiki zilivyopita alipata tena sentensi fupi fupi, moja kwa wakati, kama mtu anayelipa kwa sarafu. Januari mapafu yakashindwa. Alilazwa, akarudishwa nyumbani kwa ombi lake, na akafariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Mkewe alikuwa pembeni yake. Nje theluji ilikuwa inaanguka, na Muriuki, mkwe wake, alikuwa anaipiga koleo ili gari la wauguzi lipite.

Marehemu ameacha binti, Donatille, na mkwe, Muriuki, wa Brooklyn Center. Mwana, Cyrus, wa Mwanza, aliyenyimwa viza na ambaye anatufuatilia sasa hivi kwa simu, tunamwomba azime maiki. Wajukuu wawili, Makena na Griffins. Dada mmoja, Ma Leokadia, kule Kyabutanda, ambaye siku hizi anavuka Karambi kwa daraja kwenda kliniki na hajui kuna mtu aliyeliomba mara mia mbili na kumi na nne. Na mjane, Ma Verediana.

Ma Verediana ameomba jambo moja liandikwe humu, kwa kuwa marehemu aliamini kisichoandikwa hakikutokea.

Siku nne kabla ya kifo alivuta kiti hadi kando ya kitanda, akamwambia mumewe hivi. Julai ile ya mwaka 2002 alimdanganya mwalimu mkuu wa shule aliyofundisha ng'ambo ya Karambi kwamba ana msiba, akapewa ruhusa ya siku tano. Alipanda mabasi kwa siku mbili hadi Dodoma, akapata kibali kupitia binamu yake aliyekuwa mpishi wa kantini ya Bunge, akaketi kwenye jukwaa la wageni, juu kabisa ya viti vya nyuma vya upande wa kulia. Hakutaka atangazwe. Alitaka tu kumwona akiongea mahali ambapo watu wanalazimika kusikiliza. Alipowaona wanavyomsikiliza, alijuta kuja. Kisha akasikia habari za mwalimu mwenye madaftari kichwani.

"Ulisema hujui kama leo amefika," alimwambia. "Nilikuwa nimefika, Cleophas. Nikapiga makofi."

Askari wa Bunge alimshika mkono, akamwambia, "Mama, hapa si harusini," akamtoa nje. Jioni hiyo hiyo alipanda basi. Alikuwa amepanga kumwambia siku atakayorudi nyumbani, lakini mumewe alipoingia jikoni na ile furaha yake ya kuwa yupo mmoja, hakuwa na moyo wa kumpokonya. Miaka ishirini na miwili alimwona akimtafuta huyo mmoja, mwishowe akikata majina kwa rula.

Midomo ya marehemu ilikuwa inatafuta maneno. Ma Verediana alimfunika blanketi mpaka kifuani.

"Basi, usijisumbue. Umesema vya kutosha. Sasa pumzika kwa amani, baba."

"Wageni," alisema marehemu, "hawaruhusiwi kupiga makofi."