Kanga Wanne wa Ng'ambo ya Mfereji

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mkubwa wangu zima hiyo simu, maana leo sina pumzi ya kurudia neno mara mbili. Nimewaita wote watatu kwa pamoja, mchana huu wa jua kali, asije akatokea mtu kesho akasema baba alimnong'oneza yeye peke yake. Daktari ameshaacha kunidanganya, nami nimeshaacha kumuuliza. Nyumba hii msiigawe. Kaeni humu, na atakayetaka kuondoka aondoke bila kung'oa hata bawaba ya mlango. Cherehani ya mama yenu ni ya mwalimu, wa kati wenu, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimzungushia gurudumu macho ya mama yenu yalipochoka. Redio ni ya kitindamimba, ambaye hata hivyo alishaihamishia chumbani kwake akidhani sijaona. Cheka, baba, cheka sasa hivi, kwa sababu ninalokuja nalo halichekeshi.

Bunduki yangu ya marisau, zile punje ndogo za risasi, ile iliyofungiwa kwenye kabati la chuma, hairithiwi na mtu. Najua, mkubwa wangu, kwamba umeshakata kibali cha msimu, na kwamba Jumamosi umepanga kwenda barabara kuu na wenzako wa gereji kuwinda kanga kama nilivyokufundisha. Ndiyo maana nasema leo. Bunduki hiyo ndiyo iliyomtoboa jicho fundi viatu wa kona yetu, na aliyeifyatua ni mimi.

Tulieni. Nani huyo anasema baba anaweweseka? Siweweseki. Akili yangu iko sawa kuliko miguu yangu, na nitawaeleza tangu mwanzo ili asiwepo wa kujifanya hakuelewa.

Mnajua nilikuwa msimamizi wa kikosi cha matengenezo ya barabara, na kanga niliwajulia kazini humo. Asubuhi majani yakiwa na umande hutoka porini kuja kujianika kando ya lami, wakadonoa changarawe na nafaka iliyomwagika kwenye malori, na wakisikia gari hawaruki, wanakimbia hatua chache halafu wanasimama kwa mstari, shingo juu, kukutazama. Mtu asiye na haya anaweza kuwaangusha wanne kwa mlio mmoja. Mjomba aliyenifundisha bunduki alinikataza hilo. Alisema tembea kwa miguu yako, watimue, waache waruke kwanza ndipo upige, kwa sababu marisau yakielekea juu huchoka yakadondoka kama mchanga, lakini ukimpiga ndege aliyesimama barabarani yanakwenda kwa kimo cha mtu, na huko mbele hujui nani ameinama. Na nyuma ya kibali, kwa yale maandishi madogo ambayo hakuna mwindaji anayeyasoma, serikali ilisema hivyo hivyo: usipige ukiwa garini, usipige kuvuka barabara, usipige popote ndani ya hifadhi ya barabara.

Mimi nikatunga sheria yangu. Nikawaambia watu kwamba barabara inaishia mferejini, na kwamba ukishauruka mfereji umetoka barabarani, piga utakavyo. Nani angenibishia, na mfereji wenyewe niliuchimba mimi? Wewe mkubwa nilikufundisha hivyo, ukashika, na nasikia unawafundisha wengine huko gereji kwa majivuno, eti baba yangu mtu wa barabara ndiye aliyesema. Baba yako alisema uongo. Hifadhi ya barabara inaishia kwenye vile vigingi vya zege, hatua thelathini ng'ambo ya mfereji, na vigingi hivyo nilivisimika kwa mikono hii, kimoja baada ya kingine, nikijua maana yake. Nilitaka kanga bila kuchoka kutembea, basi, sina sababu nyingine ya kuwapa.

Fundi, wakati huo, hakuwa fundi. Alikuwa mfyekaji kwenye kikosi changu, baba wa watoto wawili, hodari wa kazi na hodari zaidi wa utani. Alikuwa akiniita Mzee Kokoto mbele ya wenzake, nami nilimpenda. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imekatika. Nilikuja na pikapu ya kazini kukagua, nikawakuta kanga wamejipanga upande wa pili wa lami. Nikachukua bunduki, nikauruka mfereji wa upande wangu, nikageuka, nikapiga goti, nikalenga. Mnauona ujinga wake? Magoti yangu yalikuwa nje ya barabara kwa sheria niliyojitungia, na mtutu ulikuwa unaitazama barabara hiyo hiyo. Nikapiga. Kanga wanne wakalala, na nyuma yao, kwenye mfereji wa pili, mtu aliyekuwa ameinama akinoa fyekeo akainuka na mikono yote miwili usoni, akaita mama yake. Nikamjua kwa kofia. Nikavuka lami nikaenda hadi karibu naye, karibu kama nilivyo karibu na wewe mwalimu, na huku damu inamziba macho asinione, nikawaokota kanga wangu, nikarudi kwenye pikapu, nikaondoka.

Lori lililopita ndilo lililompeleka hospitali. Polisi walipouliza, nikasema nimewaona wawindaji wageni kwenye gari lisilo na namba, nikawafukuza kwa pikapu wakanitoka. Wakaamini, maana mimi ni mtu mzima, nina cheo, nina kalamu mfukoni. Jioni ile mliwala wale kanga, na wewe mkubwa uliuma punje ya marisau, ukaitoa mdomoni ukatuonyesha sote, tukakupigia makofi. Kesho yake nilikwenda wodini, naye akanishika mkono akanishukuru kwa kuwafukuza wale watu. Nikamwacha anishukuru. Miaka thelathini na moja nimemwacha anishukuru, nikimpelekea viatu hata visivyotoboka, nikikaa kwenye benchi lake namwangalia anavyogeuza kichwa kizima kutia uzi kwenye sindano. Mlidhani baba yenu anapenda viatu. Nilikuwa naona aibu, wanangu, na sikuwa na ujasiri wa kufanya kitu kingine nayo.

Mwezi uliopita, kabla miguu haijagoma, nilijikongoja mpaka kwenye kibanda chake nikamwambia. Alikuwa anapigilia soli ya kiatu cha mtoto wa shule. Hakuacha. Alipomaliza msumari wa mwisho aliniuliza, "Zile hatua nilizozisikia zikija karibu yangu, zilikuwa zako?"

Nikasema ndiyo.

"Ulikuja kuniangalia?"

Nikasema nilikuja kuokota kanga.

Wateja wawili wakaja, akawahudumia, wakaondoka. Halafu akasema, "Miaka yote hii nilijiambia kwamba yule mtu wa hatua alitaka kunisaidia akaogopa." Nilimwomba msamaha. Hakunipa, na msimlaumu. Alisema, "Waambie wanao. Waambie mchana, madirisha wazi, mtaa usikie, maana mimi polisi waliniambia mbele za watu kwamba msimamizi wangu ni shujaa." Nikaahidi.

Sasa sikilizeni mtakayofanya, na mkubwa, usinipe hiyo sura ya wakili. Najua unataka kusema mzee anatuletea kesi, anatuchafulia jina, si angekufa nalo tu. Jina hilo ni langu na mimi ndiye niliyelichafua. Wewe bado unaweza kulisafisha, ila si kwa kunyamaza. Utaitoa bunduki kabatini mbele ya ndugu zako, utahakikisha haina risasi, utaitia kwenye mfuko wake na kuipeleka kituoni pamoja na kitabu chake cha leseni. Kwa miguu. Utapita kwenye kona, utasimama kwa fundi, utamsalimia kwa heshima kama mkubwa wako. Akikuitikia, sawa. Asipokuitikia, simama hapo hapo muda wa kutosha aone kwamba hukuwa na haraka, kisha uende. Kituoni utasema yote, na ile habari ya gari lisilo na namba uanze nayo.

Sikukatazi kuwinda. Kama moyo wako unapenda kanga, tafuta bunduki yako mwenyewe, kibali chako usome mbele na nyuma, upite vigingi uendelee kutembea mpaka usisikie tena honi ya lori, na ndege aruke kwanza. Hao wa Jumamosi waambie leo, kwa mdomo wako, kwamba sheria ya mfereji haipo na haikuwahi kuwapo. Usimtume mtu, usiandike ujumbe. Wakikucheka, wakucheke.

Kitindamimba, wewe kila mwezi utakwenda kukaa kwenye lile benchi. Usipeleke kiatu. Kaa tu, umsaidie kutia uzi akikubali.

Mwalimu... chukua kalamu. Andika haya niliyosema, mafupi, nami nitatia dole gumba hapo chini. Andika siku, andika mahali, kilomita ya kumi na saba, karibu na lile kalvati la kupitishia maji. Andika jina lake kamili, si "kibarua" tu. Usilie juu ya karatasi, wino utasambaa.

Nipeni maji. Kidogo tu... Basi.

Mungu awape macho ya kutazama mbele kabla ya mkono kufanya kitu. Awape watoto wasiowaogopa. Mpendane, na mkigombana, mgombane humu ndani mkiwa mmekaa. Nimewapenda, ingawa mara nyingi nililisema hilo kwa kufoka.

Fungua dirisha hilo, mkubwa. Na lile jingine. Nilimwahidi mtaa utasikia, na sauti yangu... mnaisikia ilivyobaki. Mwalimu, wewe una sauti ya darasani. Simama pale dirishani unisomee. Anza na mimi, usianze na kanga. Soma.

...Hapana, mwanangu. Kwa nguvu zaidi. Kibanda chake kiko mbali.